Kete Ukiigusa, Umeicheza

Mjadala wa chesi ya ubaoni na chesi ya mtandaoni huishia pale pale. Mmoja atasema ubao una utu, mwingine atajibu kwamba simu haidai nauli, kisha kila mtu anarudi kwake na msimamo aliokuja nao. Hoja zote mbili ni za kweli, na hazitufikishi popote. Utu mtandaoni upo. Watu wamejuana huko, wakataniana na kutukanana kama kwingineko. Nauli nayo ni habari ya mfuko wa mchezaji, haitwambii lolote kuhusu mchezo wenyewe.

Swali ninaloliona lina uzito kwetu sisi wa Dodoma, Singida na mikoa ya kati kwa jumla ni jingine. Kijana aliyejifunzia chesi kwenye simu, siku akikalishwa mbele ya ubao na saa ya mezani, je, anacheza mchezo ule alioujua? Nasema hapana. Na pengo hilo linamuumiza yeye kuliko linavyomuumiza mwenzake wa Dar es Salaam au Nairobi, kwa sababu yeye hana pa kuliziba.

Tuanze na kazi ambazo simu humfanyia mchezaji bila kumwambia. Ukigusa farasi kwenye kioo, vinatokea vidoto vya kukuonyesha anakoweza kwenda. Ukitaka kusogeza kete nyingine wakati mfalme wako anashambuliwa, programu inakataa, kete inarudi ilikotoka, na hapo ndipo unagundua kumbe unashambuliwa. Saa inajiendesha. Hatua zinajiandika. Askari akifika mstari wa mwisho, ambako hugeuzwa kuwa kete kubwa, malkia anatokea mwenyewe. Na ukighairi kabla hujaachia kidole, hakuna atakayejua ulikuwa unataka kufanya upuuzi gani.

Mezani kazi zote hizo ni zako. Kwa sheria za FIDE, shirikisho la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1924, kete yako ukiigusa kwa kukusudia lazima uicheze, na ya mpinzani ukiigusa lazima uile, maadamu hatua hiyo ni halali. Kama unataka tu kuiweka vizuri kwenye mraba wake, unatangaza kwanza. Saa unaibonyeza kwa mkono ule ule uliosogeza kete. Unapotaka kumficha mfalme pembeni kwa kumpitisha na ngome, unaanza kumshika mfalme. Ukitangulia kushika ngome halafu mfalme, umejinyima hatua hiyo upande ule kwa zamu ile. Katika mchezo wa muda mrefu, hatua haramu ya kwanza inampa mpinzani dakika 2 za nyongeza, ya pili inakufungisha. Na muda wote huo unaandika kwenye karatasi, kwa mkono, hatua zako na za mwenzako.

Mtu ataniambia hayo ni mambo ya utaratibu, yanafundishika kwa nusu saa. Kuyajua, sawa, nusu saa inatosha. Kuyafanya huku umebakiza sekunde 20 na jasho linakutoka ni kitu kingine, na hata wakubwa huteleza hapo. Mwaka 2017 ubingwa wa Canada ulifika kwenye michezo ya haraka ya kuamua mshindi kati ya Bator Sambuev na Nikolay Noritsyn. Noritsyn alifikisha askari mstari wa mwisho, akatafuta malkia mweusi mezani, hakumwona: Sambuev alikuwa amemshika mkononi pamoja na kete nyingine zilizoliwa. Kwa haraka Noritsyn akachukua ngome, akaiweka kichwa chini miguu juu, akatamka kwamba ni malkia. Mwamuzi akasimamisha saa na kusema ile ni ngome. Kwa sheria, ngome iliyopinduliwa ni ngome. Noritsyn akapoteza mchezo, akapoteza ubingwa, na rufaa yake ikakataliwa. Wengi waliona ameonewa, nami nawaelewa, lakini alikuwa na haki ya kusimamisha saa na kuomba malkia. Mkono ulikwenda mbele ya akili. Kwenye simu malkia hakosekani kamwe, kwa hiyo hakuna siku simu itakufundisha kumtafuta.

Kuna na suala la macho. Kioo cha simu kinaonyesha ubao kutoka juu, wote mara moja, kwenye eneo la kiganja. Mezani unautazama kwa upande. Kete za mbele zinazificha za nyuma, na yule askofu, kete inayokwenda mshazari, aliyejibanza pembeni kabisa anaona mpaka kona ya pili wakati wewe humwoni yeye. Wachezaji wa simu wakikaa mezani mara za kwanza hupoteza kete kwa mashambulizi ya mbali ya namna hiyo, mashambulizi ambayo kwenye kioo wangeyaona wakiwa nusu usingizini.

Lakini tofauti kubwa ni ya muda. Mchezo wa dakika 3 kwa kila mchezaji hauwezi kuzidi dakika 6, kwa hiyo mwanafunzi aliyelala chali bwenini Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anaweza kumaliza michezo 20 kabla hajazima taa. Mchezo mmoja wa muda mrefu wa kimataifa humpa kila mchezaji dakika 90 kwa hatua 40 za kwanza, kisha dakika 30, pamoja na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua. Ukifika hatua ya 60, wawili hao wanaweza kuwa wamekaa saa 5 kwenye viti.

Sitaki kuidharau ile michezo 20. Mwaka 1973 watafiti William Chase na Herbert Simon wa Marekani waliwaonyesha wachezaji wa viwango tofauti ubao kwa sekunde 5, kisha wakawaambia wazipange kete upya kwa kumbukumbu. Kete zikiwa zimetoka kwenye mchezo halisi, mchezaji mahiri aliwaacha wengine mbali sana. Zikiwa zimemwagwa ovyo, umahiri wake karibu wote ulitoweka. Maana yake, kinachoitwa kipaji kwa sehemu kubwa ni mafungu ya kete aliyokwisha kuyaona mara nyingi mno. Sasa mafungu hayo kijana wa Manyoni angeyaonea wapi zamani? Vitabu hakuna, mwalimu hakuna, mpinzani ni kaka yake peke yake. Leo kwa bando dogo (na chesi, tofauti na video, hula data kidogo sana) anakutana na maelfu ya wapinzani, na tovuti ya chesi ya Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, haimdai hata senti. Wazee wanaowaambia vijana waache simu ndipo wawe wachezaji wa kweli hawajui wanachokisema. Kwa sehemu kubwa ya nchi hii simu ndiyo mwalimu pekee aliyewahi kufika.

Ila mwalimu huyo ana somo moja halifundishi: kukaa na hali mbaya. Kwenye simu, ukipoteza ngome kwa uzembe, unabonyeza kusalimu amri, unabonyeza tena, mpinzani mpya amekaa. Maumivu ni ya sekunde 2. Mezani umepoteza ngome saa nne asubuhi, mpinzani anakutazama, na kiti hakina kitufe. Unaanza kutafuta: nimzuieje, nimchosheje, sare inapatikana wapi? Hapo ndipo mtu anajifunza kujilinda, na hapo ndipo anajifunza kufikiri dakika 20 juu ya hatua moja. Asiyewahi kufikiri zaidi ya sekunde 10 hawezi kuanza siku ya mashindano. Utamwona ana dakika 70 mbele yake na anacheza papo hapo, kwa sababu hajui dakika hizo zinatumikaje.

Drafti inatushinda hapa, na inatushinda vibaya. Pita jioni kwenye vijiwe vya bodaboda, au nyuma ya maduka ya Majengo jua likishapungua makali: ubao wa miraba 64, ile ile ya chesi, umechorwa kwenye kipande cha mbao, vizibo 12 huku, 12 kule. Wawili wanacheza, saba wamesimama, na hao saba ndio shule yenyewe. Mchezaji akiingia mtegoni mmoja anaguna. Akipata kingi, mwingine anapiga kofi. Mchezo ukiisha vizibo vinarudishwa nyuma: "Hapa ulipokula huku ndipo ulipojimaliza, mwanangu, ungengoja kwanza." Mzee aliyekufunga leo kesho yupo pale pale, anakuita mwanangu na kukufunga tena, mpaka siku utakapomfunga na kijiwe kizima kikakosa adabu kwa dakika tano.

Programu za chesi nazo huchambua mchezo baada ya kwisha, na kwa usahihi ambao hakuna binadamu anayeufikia. Tangu kompyuta ya Deep Blue imfunge Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, mwaka 1997, ubishi huo umefungwa. Programu inakuwekea alama nyekundu kwenye hatua ya 23, inakuonyesha hatua iliyokuwa bora. Kitu isichokuuliza ni ulikuwa unawaza nini ulipocheza ile ya 23. Mpinzani aliyekaa mbele yako atakuuliza, kwa sababu naye alikuwa na hofu yake. Atakwambia, "Kumbe hukuiona? Mimi nilidhani umeiona, ndiyo maana nikarudi nyuma." Katika mazungumzo hayo ya dakika kumi unagundua kwamba ulimwogopa bure, au kwamba kete uliyoilinda mchezo mzima hakuwa na haja nayo. Rekodi ya kompyuta haina hofu ya mtu ndani yake.

Na kwa kweli sisi wenyewe tumeifanya chesi iwe mbali. Ukimya ule wa mashindano unahitajika kwenye mashindano. Mitaani hauhitajiki. Mwalimu Nyerere, ambaye sanamu yake iko katikati ya mji kwenye uwanja unaobeba jina lake, alikuwa mpenzi wa bao, na bao halijawahi kuchezwa kwa kunong'ona. Kama chesi ya Dodoma itasubiri ukumbi wenye kiyoyozi na watu wa kuambiana "shii", itabaki ya wanafunzi wachache na watoto wa shule za kulipia.

Kuhusu udanganyifu, yaani kusaidiwa na kompyuta kwa siri, nitasema kwa kifupi kuliko wengi wanavyopenda, maana mada hii ina mvuto uliopitiliza. Septemba 2022, huko St. Louis, Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa wakati huo, alijitoa kwenye mashindano ya Sinquefield baada ya kufungwa na Hans Niemann wa Marekani, kijana wa miaka 19. Niemann alikiri kwamba aliwahi kudanganya katika michezo ya mtandaoni alipokuwa na miaka 12 na alipokuwa na miaka 16, akakana kabisa kudanganya ubaoni. Mwishoni mwa 2023 FIDE haikuona ushahidi wa kutosha kwamba alidanganya ubaoni, na Carlsen akatozwa faini ya euro 10,000 kwa kujitoa bila sababu ya msingi. Kinachonivutia katika kisa hicho ni njia iliyopita shaka: ilizaliwa mtandaoni, ikahamia mezani, ikaharibu mchezo uliochezwa mbele ya macho ya watu. Kwetu, bonanza la mtandaoni likiwekewa zawadi ya pesa, mshindi atapokea na minong'ono juu yake, hata kama ameshinda kwa jasho. Hapo hajatendewa haki mtu yeyote, mshindi wala walioshindwa.

Mtandao wenyewe pia huamua michezo. Agosti 2020, wakati wa korona, FIDE iliendesha Olimpiadi ya chesi mtandaoni. Kwenye fainali kati ya India na Urusi, wachezaji wawili wa India walikatikiwa na mawasiliano katikati ya mchezo na muda wao ukaisha. Rais wa FIDE akaamua dhahabu wagawane. Kama fainali ya dunia ilikatika, sina haja ya kueleza kinachompata mtu wa Kondoa mvua ikinyesha na umeme umekwenda zake.

Sasa turudi kwenye lile nililosema mwanzo, kwamba pengo linamuumiza zaidi kijana wa huku. Alama anazoziona kwenye simu, zile za kupima ukali wa mchezaji, ni za ndani ya simu. Lichess humwanzishia kila mgeni 1500, na alama zake kwa kawaida huwa juu kuliko za Chess.com, kwa hiyo mtu huyo huyo ana namba mbili, tatu, na hakuna hata moja anayoweza kuingia nayo mlangoni kwenye mashindano ya kimataifa. Alama za FIDE za mchezo wa kawaida, na vyeo vinavyofuata mpaka kile cha juu kabisa cha grandimasta, hutafutwa ubaoni. Ili upate alama zako za kwanza unahitaji michezo isiyopungua 5 dhidi ya watu ambao tayari wana alama, katika mashindano yaliyosajiliwa. Tangu Machi 2024 kima cha chini ni 1400. Ukiwa chini ya hapo, humo kwenye orodha.

Fikiria maana yake. Wenye alama wako yanakochezwa mashindano. Mashindano hufanyika waliko wenye alama. Aliye nje ya mduara huo anaweza kuwa mkali kiasi gani kwenye simu na bado dunia ya chesi isimjue kabisa. Simu imempeleka mpaka mlangoni kwa ustadi mkubwa, na mlango unafunguliwa kwa ufunguo mwingine.

Treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, imesaidia, tusiwe wachoyo wa shukrani. Tangu katikati ya 2024 Dodoma na Dar es Salaam ni safari ya saa chache, na kwa nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati huo, shilingi 31,000, mtu anaweza kwenda mashindano ya wikiendi na kurudi. Lakini 62,000 kwenda na kurudi, kabla ya malazi, chakula na ada ya ushiriki, ni pesa nyingi kwa mwanafunzi, na kwa mzazi wa Mpwapwa aliyeambiwa mtoto anakwenda "kucheza" ni pesa ambayo haipo. Zaidi ya hapo, treni hiyo inakwenda na kurudi. Sijaona kwa nini lazima mchezaji apande, na mashindano yasipande.

Mara nyingi jibu letu kwa hali kama hii ni bonanza. Fulana zinachapishwa, mgeni rasmi anaalikwa (katika mji huu wa wageni rasmi hakosekani mmoja, tatizo ni saa atakayofika), hotuba zinatolewa juu ya faida za chesi kwa ubongo, na raundi ya tatu inafutwa kwa sababu muda umekwenda. Mwaka unapita hakuna kete iliyosogezwa. Ningekuwa na sauti, ningebadilishana bonanza tatu kwa meza moja isiyohama. Siku moja ya wiki, saa ile ile, mahali pale pale, awepo mtu au asiwepo. Kampala walionyesha. Katika mtaa wa Katwe, Robert Katende alianza kuwafundisha watoto chesi kwenye mradi ambao ulikuwa unawapa uji, na wapo waliokuja kwa ajili ya uji kwanza. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi mwaka 2010, na 2012 akapata cheo cha FIDE cha wanawake. Hakukuwa na siri yoyote pale zaidi ya mtu aliyekuwepo jana, akawepo leo, na uji.

Meza hiyo haihitaji kushindana na simu. Saa za chesi ni ghali na hazipatikani madukani, basi simu ilazwe kando ya ubao iwe saa. Programu za kazi hiyo ni za bure. Mchezo uliochezwa mezani uandikwe, halafu usiku kila mtu autie kwenye simu yake aone kompyuta inasemaje juu ya yale waliyobishania. Wanaocheza drafti waalikwe, hasa wao. Mtu aliyezoea kuhesabu kula tatu mbele kwa vizibo hatasumbuka sana na farasi, na atakuja na kelele zake, jambo zuri.

Kinachobaki ni karatasi. Mashindano yahesabike FIDE lazima yasajiliwe mapema kupitia shirikisho la nchi na yasimamiwe na mwamuzi mwenye leseni. Mdhamini akijitokeza Dodoma kesho na kuuliza aanzie wapi, namwomba asianzie kwenye vikombe wala fulana. Awalipie walimu wawili watatu wa hapa hapa mafunzo ya uamuzi, wapate leseni, halafu awalipie nauli ya kuja huku wachezaji wachache wenye alama.